Mwigizaji Asiyetazamwa

Siku ya mwisho ya kupiga sinema, Blandine, mwigizaji mkuu, alikwenda kuolewa Kolwezi bila kuaga. Osée, mwongozaji, alipata habari kwa simu, vigelegele vya harusi vikimziba masikio. Na jioni ileile Steve, mpiga picha, alikuwa anarudi Lubumbashi na kamera yake. Lilibaki onyesho moja tu, lile ambalo Mama Radi, sasa amezeeka, anawakamata wezi wa soko na kuwasema. Bila hilo, miaka tisa ya Osée ya kuandika na kuchora vitabu vya katuni pale mtaani Kikula ingezaa sinema isiyo na mwisho.

"Ni mama tu njo anaweza," akasema Estelle, mkewe.

Hilo halikuwa na ubishi. Mama Radi, shujaa mwenye mwiko wa kusongea ugali wa bukari, alisema sawasawa na Mama Gertrude, mama mzazi wa Estelle. Lakini Osée ni mtoto wa watu wa Kasaï, na kwao mama mkwe hatazamwi usoni. Tangu aoe walisalimiana mlango ukiwa katikati. Alimjua kwa sauti tu, na maneno yote matamu ya vitabu vyake aliyaokota nyuma ya mlango huo, mwizi mkubwa yeye, wala hakuwahi kukiri.

Lisilo budi hutendwa. Mama Gertrude alipoingia uani, Osée aligeukia ukuta mbio, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, akaanza kuongoza sinema kwa kisogo. Alichora harakaharaka Mama Radi akiinua mkono, Mama Radi akicheka. Estelle akapeleka karatasi kwa mamake.

"Estelle, ambia mukwe wangu," sauti ikasema, "huyu wa ku karatasi iko na shingo ya bata. Na benye kuiba habasemewi vile. Minye nitabasemea vile ninajua."

Osée akaujibu ukuta: "Estelle, ambia mama afanye vile anapenda."

Basi akafanya. Osée alisikia mwiko ukilia juu ya meza, kisha mwizi mmoja akaomba msamaha ambao haukuandikwa popote. Steve alicheka hadi kamera ikatikisika. Osée aling'ata mkono wa shati lake, machozi ya furaha yakimtiririka, na hakuona kitu.

Steve akaenda kuunganisha picha mwenyewe, maana Osée aliona haya kumtazama mama mkwe hata kwenye kompyuta.

Jumapili ya kuonyesha sinema ukutani, ukumbi wa parokia ulijaa pomoni, Mama Gertrude mbele kabisa, Osée nyuma kabisa. Onyesho la mwisho lilipofika, watu walishika mbavu kwa kicheko. Yeye akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Iliuma. Kila mtu alikuwa akiiona kazi ya maisha yake isipokuwa yeye.

Estelle alimwona, akaenda kumnong'oneza mamake. Mama Gertrude hakugeuka. Alipaza sauti tu:

"Mukwe, inua macho. Ule wa pa ukuta hayiko minye, ni Mama Radi, mutoto wako. Minye niko hapa, nakupea mugongo."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Osée akainua macho. Mama Radi alikuwa akicheka, uso wake umeujaza ukuta wote, na ndani ya uso ule Osée akamwona Estelle, amezeeka, bado anacheka.