Mlango wa Kuazima

Waliofufua mji wa Real del Tordo walikosea jambo moja tu: walipaka milango yote rangi ya buluu. Kuta waliziinua, mapaa wakayaezeka, kanisa wakalipa kengele mpya, hata mdomo wa mgodi wa fedha wakauwekea taa. Lakini wazee waliozaliwa pale, ambao walitawanyika utotoni maji yalipoujaza mgodi, walirudi siku ya ufunguzi wakasimama mtaani wakikodoa macho kama kuku waliobadilishiwa banda.

"Nyumba yetu ni hii," alisema Bi Eduviges, akiugonga mlango mmoja kwa mkongojo. "Tanuri la mama yangu limo humo ndani."

"Ni hii kweli, ila ni yetu sisi," akadakia Bi Tranquilina. "Kwenu ni hapo pembeni, pasipo na tanuri."

"Weee! Utoto wako uliulalia wapi, kwenye miiba ya mpungate?"

Otilia alisimama nyuma ya bibi yake, Bi Eduviges, amekumbatia beseni la unga uliokandwa. Alikuwa msichana wa haya. Akiulizwa jina alilitaja kama anayeomba radhi. Lakini siku hiyo moyo ulimdunda kwa sababu nyingine. Tangu azaliwe alikuwa akiisikia ndoto moja tu ya bibi: kuoka mkate katika tanuri lile. Unga ulikuwa tayari umeumuka, unasukuma kitambaa.

Msimamizi, Bwana Baltazar, akatikisa ufunguo. "Mama zangu, watu wa ngoma wanapanda kuja huku. Wakifika hapa hamjapatana, nyumba hii nawapa wauza kofia za watalii."

"Kofia!" Bi Eduviges akashika kiuno. "Mama atafufuka anikabe koo. Basi nitapiga mluzi wa nyumba yetu. Mlima ndio shahidi: kati ya milango hii miwili, huitikia mmoja tu."

Wazee wakaguna kwa furaha. Zamani kila nyumba ya Real del Tordo ilikuwa na mluzi wake. Jioni mke alisimama mlangoni akapiga, mlima ukaitikia, na mume aliyekuwa akitoka shimoni akajua ni yeye anayeitwa, si jirani.

"Piga!" alisema Bi Tranquilina, akaenda kusimama kwenye mlango wa pili kusubiri. "Hata mimi nakumbuka mlima ukitujibu hapo hapo ulipo. Nilikuwa nimeshika sketi ya mama." Na usoni mwake hamkuwa na chembe ya uongo, jambo lililomtia Otilia wasiwasi zaidi.

Watu wa ngoma wakatokeza, mbele yao punda aliyebeba mitungi ya pombe ya mkonge. Bi Eduviges akaona hakuna muda. Akavuta pumzi, akatia vidole viwili kinywani, akapuliza kwa nguvu zake zote. Mluzi haukutoka. Yalitoka meno ya bandia, yakaruka juu ya kichwa cha Bwana Baltazar, yakatumbukia mtungini: chubwi!

"Pombe hiyo leo itauma kweli kweli!" akapiga kelele mpiga ngoma, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

"Otilia," alisema Bi Eduviges, mashavu yamemwingia ndani, "piga wewe. Ule wa kwetu unaowapigia mbuthi."

"Bibi! Mbele ya watu wote hawa?"

"Wahethabu ni mbuthi."

"Hata wale watalii wenye kofia?"

"Hao hatha!"

Mtu akamletea kikombe kidogo cha udongo kutoka kwenye mtungi, ule usio na meno. Otilia akameza, koo likawaka moto, machozi yakamlenga, akapanda kizingitini na beseni lake kwapani. Akapuliza. Ukatoka upepo mtupu.

"Tairi limepata pancha!" akadakia mpiga ngoma.

Akafumba macho. Akawaona mbuzi wake, yule mwenye pembe moja hasa, asiyesikia la mtu. Akapuliza tena: miwili mifupi, mmoja mrefu unaopanda. Mluzi ukavuka mapaa, ukagonga mlima, ukarudi. Ukarudi tena. Ukarudi mara ya tatu, mwembamba, kana kwamba kuna mtu kule shimoni anasema nakuja, nakuja.

Bi Tranquilina alikusanya sketi yake kwa mikono miwili, akaharakisha kutoka mlango wa pili hadi kizingitini, akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake:

"Hodi, jirani! Umemaliza? Niazime mlango na mimi nimwite wangu."

Akayasikia aliyoyasema. Akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akaegemea punda.

"Ee Mungu wangu, ni mama huyo! Kila jioni! Kwetu mluzi ulikuwa unagonga ukuta wa kanisa, unafia hapo hapo. Tulikuwa tunakuja kuazima mlango wenu! Nami miaka yote hii nimejipa nyumba ya watu!"

"Thi nilithema, thoga?" Bi Eduviges akafuta machozi ya kicheko, akasogea upande. "Haya, panda. Thamu yako."

Bi Tranquilina akapiga mluzi wa kwao, wa kukatakata kama wa kware, na mlima ukamjibu. Ngoma zikaudaka. Bwana Baltazar akaona kazi yake imekwisha, akamvisha Otilia ufunguo shingoni. Otilia kugeuka, wazee wote walikuwa wakisukumana mbele ya kizingiti, midomo wameshaikunja, kila mmoja anataka kumwita wake. Unga nao ulikuwa umeshapanda nje ya beseni, unamshuka Otilia kiunoni.

"Jamani, pangeni foleni!" alipaza sauti, hata watalii waliosimama mdomoni mwa mgodi wakageuka. "Mmoja mmoja! Na anayeazima mlango anaingia na kuni za tanuri!"