Mbwa Asiyeng'ata

Kitu cha kwanza alichokigundua Bubu ni kwamba yule mbwa mdogo hakumng'ata.

Alikuwa amemshika chini ya bomba, maji ya uvuguvugu yakimpita mgongoni, na kidole chake kikateleza mdomoni mwa mbwa. Mbwa wa wiki tisa angekitafuna kama mfupa. Huyu alikinyonya. Alifumba macho, akakunja ulimi, akanyonya huku miguu yake ya mbele ikikanda kiganja, kulia, kushoto, kulia.

Bubu akafunga bomba. Alimfungua mdomo, akapitisha ncha ya kidole. Mbele kulikuwa na vijino vyembamba kama pini, ndiyo kwanza vinachomoza. Nyuma, mahali pa magego, fizi tupu, laini.

Wiki nne. Zikizidi, ni kwa siku mbili tatu.

Jina lake halikuwa Bubu. Mwenye duka ndiye aliyempachika, kwa sababu siku yake ya kwanza kazini alijibu kila kitu kwa kutikisa kichwa. Mwenye duka naye wateja walimwita Mbegu, maana maneno yake yote yaliishia hapo: mbegu safi, mbegu ya maana, mbegu hii huipati mtaani. Bubu aliishia darasa la tano, lakini mwandiko wake ulikuwa umenyooka, na Mbegu alipouona akamwongezea kazi juu ya kuosha mbwa na kusugua vizimba. Akawa anaandika kadi za chanjo. Mbegu anataja tarehe ya kuzaliwa, Bubu anaandika. Siku watoto hawa saba wa mbwa walipofika wamebanana kwenye boksi, Mbegu hakumwangalia hata mmoja. "Weka wiki tisa," alisema, akatoka kwenda kupokea simu.

Aliweka. Kama alivyoweka kwa wale wa mwezi uliopita, ambao wawili wao walirudishwa dukani wamefungwa kwenye taulo. Mbegu alimtazama mama wa watu aliyekuwa akifuta machozi, akamwuliza, "Kwani ulimlisha nini?"

Bubu alikuwa bado anamkausha yule mdogo aliposikia sauti mlangoni.

"Wako wapi hao mbwa wenye heshima zao?"

Alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mwenye nyumba anayoishi. Aliingia mkoba kifuani, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye wote nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata akila. Chiriku alikuwa analilia mbwa tangu mwezi uliopita, na Bubu ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, siku moja mezani, kwamba nyuma ya gereji kuna nesi mstaafu anayetunza mbwa waliotupwa, na anawatoa bure kwa anayetaka kufuga.

"Yule nesi wako!" Shangazi alimrukia kabla ya salamu. "Umenituma nikadhalilike! Ananiuliza una uzio, nani anashinda nyumbani, mbwa atalala wapi. Utadhani nimekwenda kuposa! Na mbwa wenyewe mmoja jicho moja, mwingine sikio limeliwa. Eti nirudi wiki ijayo, kwanza aje aikague nyumba yangu. Yangu! Yeye kama nani?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na usinitume tena mahali."

Mbegu alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta, mikono anaisugua. "Karibu mama. Hapa hatumkagui mtu. Yule anakusanya balaa za wenzake. Mbwa hatupwi hivi hivi, ana sababu yake. Njoo uone mbegu safi, na kadi juu."

"Hayo ndiyo maneno," alisema Shangazi, akamtupia Bubu jicho.

Chiriku alikuwa ameshachuchumaa mbele ya kizimba, anawapa majina wote sita na kubadilisha tena. Walibweka, wakakwaruza waya. Shangazi akarudi nyuma.

"Wana vurugu hawa. Na huyo wa kwenye taulo, mbona katulia?"

Chiriku alinyoosha kidole kabla Bubu hajageuka. Mbwa akakidaka, akaanza kunyonya. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi! Hang'ati! Ananitekenya!"

"Huyo ndiye," alisema Shangazi. "Unaona tofauti? Mbwa wa dukani ana adabu. Kafunzwa."

"Jicho lako kali, mama," alisema Mbegu. "Huyo mpole tangu tumboni. Bubu, leta kadi yake."

Bubu hakusogea. Alijua vizuri kitakachotokea. Akileta kadi, mbwa ataondoka, atapewa chakula kigumu asichoweza kukitafuna, ataharisha, na kabla ya wiki kwisha Chiriku, anayelala kitanda kimoja na Bubu, ataamka amkute mbwa amekauka. Akisema, kazi imekwisha. Na kwa Shangazi mtu asiye na kazi hakuwa mtu, alikuwa mdomo tu wa kulishwa.

"Siyo huyo, shangazi," alisema.

"Nini?"

"Bado ananyonya. Hana magego. Ni wa wiki nne, ametolewa kwa mama yake mapema. Hatapona."

Mbegu akapiga makofi. "Haya jamani, leo Bubu kaota ulimi! Na udaktari juu! Mama, usimsikilize, huyo darasa la tano."

"Najua alikoishia," Shangazi alisema. Hakumtazama Mbegu hata kidogo. Hasira yote ilikuwa ya Bubu. "Wewe binti, umeniaibisha kwa nesi, sasa na hapa? Au una kijicho na huyu mtoto, hutaki apate kitu kizuri?"

"Weka kidole."

"Ati?"

"Nyuma, kwenye magego. Umelea watoto wanne, shangazi. Utajua mwenyewe."

Shangazi alitia kidole kwa hasira, kama anayebonyeza kengele ya mdeni. Halafu kidole kikapunguza mwendo. Kikaenda upande wa pili. Alikitoa akakifuta kwenye taulo.

"Kadi inasema wiki tisa," alisema Mbegu, sauti imepoteza sukari, akaivuta kadi kutoka kwenye kaunta. "Isome. Imeandikwa vizuri tu."

"Nimeiandika mimi," alisema Bubu. "Na za wale waliokufa. Anataja, naandika."

Mbegu akaitupa kadi juu ya kaunta.

"Vua aproni," alisema Mbegu. "Toka. Na huyo toka naye, sitaki anifie humu ndani nikaambiwa ulisema. Ukamnyonyeshe!"

Alivua. Alimfunga mbwa kwenye taulo, akatoka. Shangazi alimfuata mpaka nje, akimburuta Chiriku aliyekuwa analia kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Fundi viatu wa kibarazani aliinua kichwa.

Kama Bubu alitegemea ahsante, alikuwa amemsahau shangazi yake.

"Kumbe mwandishi ni wewe! Watu wanazika mbwa kwa mwandiko wako, halafu unakuja kujitia una huruma? Mtoto huyo analia. Kazi huna. Sasa unampeleka wapi huyo mzoga?"

"Kwa nesi. Ana maziwa na chupa."

"Basi hukohuko na wewe ukalale, na wenye jicho moja! Mimi nimechoka. Haya ndiyo malipo yangu? Nilikuokota huna mbele wala nyuma, nikakuweka ndani, nikakulisha, leo unaniumbua dukani!"

Nilikuokota. Alikuwa amelisikia neno hilo mbele ya wageni, mbele ya majirani, mbele ya fundi aliyekuja kubandua bati. Kila mara alitikisa kichwa, ndiyo, ahsante. Mbwa alikuwa amekishika kifungo cha gauni lake kwa midomo, anakivuta, hakitoi kitu, anakivuta tena.

"Hukuniokota, shangazi," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyoijua. "Ilikuwa siku ya nne tangu tumzike baba. Mama alikuwa ndani anapiga pasi sare yangu ya shule. Ulimwambia unanichukua wiki moja nikusaidie kazi, utanirudisha. Akatusindikiza mpaka barabarani, kaiacha pasi bado ya moto. Wiki hiyo haikuisha. Mwaka wa pili mama akafa, na siku hiyo mimi nilikuwa kwako nafua mapazia. Sikutupwa na mtu. Nilikuwa na mama, na wewe ulimwona."