Waya Uliorudi Ukutani

Saa nne na dakika kumi na mbili kompyuta zote arobaini za chumba cha mtihani ziliganda. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa kwenye mojawapo. Mtihani wa uuguzi alikwisha kuufeli mara mbili. Ya tatu ndiyo ya mwisho, ukianguka unafungasha virago. Na saa ya mtihani iko kwenye mitambo ya baraza la mitihani, mbali huko. Haikuganda. Saa tano kamili inafunga.

Chumba cha mitambo nilikuta taa za swichi zote, visanduku vya kuunganishia kompyuta, zinapepesa kama zimepandwa na wazimu. Kazi hii ya mtandao nimejifunza kwa kuvuta waya, si darasani, lakini hilo nalijua: ujumbe unazunguka. Swichi ikipata njia mbili za kurudi kulekule, ujumbe hauna pa kuishia, unajizidisha hadi mtandao unakabwa. Ndiyo maana zina kinga: zinasemezana zenyewe, zinachagua kiongozi, njia ya ziada zinaifunga. Mpya huamua kwa sekunde moja mbili. Ile ya chumba cha mtihani ni kuukuu, ilimsubirisha mtu nusu dakika kila alipowasha kompyuta. Walimu walinipigia kelele, nikaizima kinga. Sasa ni miezi miwili. Sikumwambia mtu.

Nilichomoa waya mmoja baada ya mwingine. Nilipochomoa ule wa chumba cha mtihani, taa nyingine zikatulia. Nikakimbilia huko.

"Nani kagusa waya humu?"

Msimamizi, mama tuliyembandika jina la Bi Nadhifu, akakunja uso. "Hajagusa mtu. Mimi tu nimepanga panga."

"Umepanga nini, mama?"

"Kulikuwa na waya unaning'inia kama utumbo. Nikauchomeka ukutani, watoto wa watu wasijikwae."

"Ncha ya pili nayo iko ukutani!"

"Sasa mimi nitajuaje? Fundi ni wewe. Ungeukunja."

Nilitambaa chini ya meza, nikaung'oa, nikarudi mbio kuunganisha chumba. Saa nne na dakika thelathini na nane.

"Shemeji," mdogo wa mke wangu aliniita niliporudi, "nimebakiza maswali kumi na tisa."

Mlangoni mkuu wa chuo alikuwa na simu mkononi. "Baraza wanasema hitilafu ikiwa ya nje, hakuna dakika za ziada. Ikiwa yetu wanaongeza, ila chanzo kiandikwe na aliyesababisha atie saini." Akanisogelea. "Mimi naona tuseme ya nje. Hii nyingine itamla mtu."

"Nipe kalamu."

"Fundi, usiwe na haraka."

"Saa ndiyo yenye haraka, mkuu."

Niliegemeza karatasi ukutani, nikaandika: nilizima kinga ya swichi, sikutoa taarifa, waya ukachomekwa pande mbili, mtandao ukafa. Nikatia saini.

Mkuu alisoma mara mbili. "Unajua umeandika nini?"

"Hati mbaya, lakini inasomeka."

Akaipiga picha, akaituma. Tukasimama. Bi Nadhifu alikuwa anauma kucha. Saa tano kasoro dakika tatu. Kasoro mbili.

Kwenye skrini dakika zikaruka: ishirini na nane. Shemeji hakuinua hata kichwa. Vidole viliendelea kubofya.

Mkuu akaninyooshea kiganja. "Funguo za chumba cha mitambo."

Nikampa.