Relict wa John

Immaculée alikuwa akisugua jiwe la thelathini na moja kwa brashi ngumu, nami nikimmiminia maji kutoka kwenye chupa. Herufi zilijitokeza polepole chini ya kuvu ya kijani. Kanisa letu la Winson Green, huku ugenini kwa Waingereza, lilitaka maandishi ya makaburi yote yanakiliwe kabla mafundi hawajayahamisha mawe Ijumaa. Mgongo uliniuma, na mawe arobaini yalikuwa bado.

"Yaya Orpha, ni ile Relict tena," alisema; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Hii familia walikufa sana!"

"Si familia." Nilikuwa nimelitafuta neno hilo maktaba, katika kamusi kubwa, Jumamosi nzima. "Ni Kiingereza cha zamani. Mwanamke aliyefiwa na mume, yeye aliyebaki. Miaka mia mbili iliyopita waliandika hivyo makaburini na katika vitabu vya kanisa: Ann, relict wa John. Siku hizi hakuna anayelitumia."

Brashi ilisimama.

Mume wa Immaculée, Aganze, alitoka nyumbani Uvira mwaka tisini na nane kutafuta unga. Miaka tisa sasa, hakuna aliyemwona, hai wala maiti. Jumapili hii wamama wa kanisa walipanga kumfanyia matanga bila mwili, wamnyoe Immaculée nywele, ahesabiwe mjane, moyo upoe. Mama Gertrude alishakata vitenge vya sare, kumi na viwili. Immaculée hakuwa amekubali wala kukataa.

"Hao wa zamani, yaya. Mwanaume akipotea tu, waliandika bibi yake hivyo?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Nilifungua daftari, nikapitia ukurasa kwa ukurasa.

"Kwa haya tuliyosoma, kila mume ana tarehe ya kufa. Kwingine sijui."

"Kila mumoja?"

"Kila mmoja."

Alifuta mikono kwenye sketi, akatoa simu.

"Mama Gertrude? Jumapili hapana... Najua umekata. Washonee kwaya... Usikasirike, mama. Sina tarehe. Nitalia siku gani?"

"Utazeeka na hizo nywele!" Sauti ya Gertrude ilinifikia hadi niliposimama.

"Zizeeke."

Alikata simu, akaketi kwenye nyasi zenye maji. Sikujua kama amefanya vema. Nilikaa karibu naye mpaka vidole vyangu vikakataa kushika kalamu.

"Tuache," nilisema. "Kesho saa tatu."

"Saa mbili, yaya. Mimi silalaka sana."