Kibuyu cha don Wilmar

Kwenye zahanati yetu ya kijijini nilimsomea don Wilmar, mkata manyoya ya kondoo, maswali yote sita ya fomu. Unatamani kufa? Umepanga kujiua?

"Hapana, daktari," alijibu kila mara, akifyonza chai ya yerba kwa mrija kwenye kibuyu chake.

Nikampigia simu bingwa wa magonjwa ya akili, huko mji mkuu, Montevideo.

"Hapana sita ni alama sifuri. Mwache aende, vitanda vimejaa."

Don Wilmar akaondoka. Kibuyu kikabaki mezani. Nikamkimbilia hadi kituo cha basi.

"Mzee, umesahau kibuyu."

"Sijasahau, mwanangu. Ni chako."

Nikamshika mkono, akautoa taratibu. Huku kwetu mtu haachani na kibuyu chake; huenda nacho mkononi hata mazikoni.

Nikampigia bingwa tena, nikamweleza, huku basi la don Wilmar likiondoka.

"Hilo ni swali la ngapi kwenye fomu?" akauliza.