Begi la Bunduki ya Toussaint

Rénovat alikufa mikono yake ikiwa bado kwenye usukani. Toussaint alimpiga risasi ya shingo kwa sababu alichelewa kuzima gari, hakuna sababu nyingine, na damu ikarukia begi kubwa lililokuwa kwenye kiti cha pembeni. Tulikuwa tunatoka Kamanyola kwenda Uvira. Mimi na binti yangu Noella tulikaa nyuma, juu ya gunia la unga wa muhogo. Rénovat alikuwa akitupakia mara nyingi bila kutudai kitu. Kwetu siku hizi mtu mwema hula risasi na mshenzi hula cheo.

Toussaint alikuwa mkubwa wa kundi moja la milimani. Kila kilima chetu kina mkubwa wake, na kila mkubwa hujipa jina la vita. Huyu alibaki na lile la ubatizo, Toussaint, yaani Watakatifu Wote, kana kwamba wote wamepanga mstari nyuma yake. Alikuwa na bunduki ndefu yenye darubini, ya kumwangusha mtu aliye kilima cha pili. Aliipenda kuliko alivyompenda mama yake, kama alikuwa naye.

Mwenye begi, abiria mmoja ambaye hatukuwahi kumjua jina, alikuwa amekimbilia mashamba ya mpunga. Watu wa Toussaint walimfyatulia risasi nyingi. Alianguka, sikumwona akiinuka. Toussaint hakumtazama hata mara moja. Alikuwa anafungua begi kama mtoto aliyeletewa zawadi. Lilikuwa na nafasi ndefu ya bunduki, mifuko ya masasi, mahali pa darubini, mkeka wa mtu kulalia anapolenga, na kifuniko cha mvua. Lilitengenezwa kwa ajili ya kazi yake hasa.

Akanigeukia.

"Weye mama, unabebaka mizigo?"

"Minye nabebaka tangu utoto, chef."

"Basi utapima hii sakado, hii begi ya mugongo. Weka bunduki, weka masasi, panda nayo mulima, kisha uniambie. Kama iko muzuri, nitaibeba mwenyewe. Kama iko mubaya, huyu mutoto yako njo atabeba bunduki yangu."

Noella alinishika nguo. Ana miaka kumi na saba, na alikuwa na damu ya Rénovat kwenye shavu. Nilimwambia akae chini, asilie mbele ya wale watu, na akakaa.

Kwanza niliamriwa kuliosha begi. Niliosha kwenye mfereji wa mpunga, maji yakawa mekundu, yakaenda kwenye mashamba ya watu. Damu ilitoka. Mchanga wa mfereji ukaingia.

Kisha nikapakia, nikapanda. Toussaint alinipa mlinzi mmoja, mtu mzima wa Rurambo aliyeitwa Onesphore, aliyekuwa mchunga ng'ombe kabla ya kushikishwa bunduki. Tulipofika mbali kidogo alizungumza bila kunitazama.

"Wa mwisho kubeba hiyo bunduki alikuwa mudogo yangu. Aliteleza, darubini ikagonga jiwe. Toussaint akamupiga masasi ya tumbo, akamuacha alie mpaka jua ikazama. Minye njo nilimuzika."

Moyoni nilimwona Noella akiteleza kwenye jiwe lilelile.

Sisi wanawake wa huku hubeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, mzigo ukalala mgongoni. Shingo inaumia mpaka uzeeni, lakini mkanda huo una huruma yake: ukirudisha kichwa nyuma, mzigo unaanguka, wewe unabaki. Ndiyo maana mtoni, kabla ya kutia mguu majini, kila mtu huuvua mkanda kichwani na kuushika kwa mkono, na aliye karibu humkumbusha mwenzake: "Legeza." Huambiwa rafiki, huambiwa mgeni, huambiwa hata yule mliyetukanana naye sokoni asubuhi. Mama yangu alinifundisha neno hilo kabla ya kunifundisha sala.

Begi la Toussaint halikuwa hivyo. Lilikuwa na mkanda mpana wa kiunoni na mwingine mwembamba wa kifuani, yote miwili yenye vifungo vya plastiki. Ukweli usemwe, lilibeba vizuri. Uzito ulikaa kiunoni, shingo yangu ikashangaa kupumzika. Nilichukia kuona kitu cha wauaji kikinipendeza mgongoni.

Tuliporudi chini nikataka kulivua, na kifungo cha kiunoni kikakataa. Nikabana, nikavuta, nikabana tena. Mchanga ulikuwa umekijaa, na uzito ulikuwa umekikaza. Onesphore akakichokoa kwa ncha ya kisu mpaka kikaachia. Tukatazamana. Toussaint alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, ametupa kisogo, anakula ndizi za marehemu Rénovat.

"Sema," aliniambia.

Sikumpa sifa tupu. Mbuzi anayesifiwa mno, mnunuzi humkagua meno.

"Iko muzuri, chef. Uzito yote inakaa mu kiuno. Bunduki haitikisike. Lakini mudomo ya bunduki inapita kichwa, itagonga matawi. Na ukitaka kupiga haraka hauwezi, mpaka uvue kwanza."

"Bastola iko, hiyo ya haraka," alisema, akaipigapiga pajani. "Haiwezi kufunguka yenyewe, bunduki ikaanguka?"

"Hapana, chef. Hiyo haifunguke."

Alicheka, akalivaa, akarukaruka kama bwana harusi anayejaribu koti. Akavifunga vifungo vyote viwili na kuikaza mikanda mpaka shati likajikunja.

"Mutoto arudi nyumbani. Weye utabeba unga yetu mpaka ng'ambo ya Runingu. Na kama hii kitu itanichosha, nitashuka nimuchukue. Najua sasa sura yake."

Noella akaondoka na barabara, akigeuka kila mara. Wenzake Toussaint walibaki na gari, wanalichuna. Tukapanda watatu, na njia nzima nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Huyu mtu hakuniachia mtoto, alinikopesha tu. Siku begi litakapochanika, au siku atakapoamka na hasira, atashuka.

Mto Runingu ulikuwa umejaa. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha, maji yalikuwa ya rangi ya udongo na yanasukuma magogo. Toussaint alinisukuma kwa kitako cha bastola nitangulie, nipime kina. Nikavua mkanda kichwani, nikaushika mkononi, nikaingia. Maji yalinifika kiunoni. Niliyumba, nikajishikiza kwenye mawe, nikatoka ng'ambo na gunia langu, nikageuka.

Toussaint alikuwa ameshafika ukingoni. Onesphore alikuwa nyuma yake. Neno lilinijia lenyewe, likafika mdomoni kama kikohozi. Nikalimeza. Nilimtazama Onesphore, mtu wa mito ileile, nikangoja kuona kama yeye atalisema. Alikuwa anatazama miguu yake.

Toussaint akakaza mkanda wa kiunoni mara moja zaidi, akaingia.

Alifika katikati. Gogo lilimgonga gotini, akaenda chini, begi likajaa maji na kumgeuza chali. Maji yakamburuta mpaka penye mawe mawili, begi likakwama katikati, naye akabaki hapo uso ukitokea na kuzama. Paji lilikuwa limepasuka, damu inamwingia machoni. Mikono yote miwili ilikuwa kiunoni, inabana, inavuta.

"Onesphore! Kata! Leta kisu!"

Kisu kilikuwa kwenye mshipi wa Onesphore. Mkono wake haukukigusa.

Ndipo Toussaint alipoelewa. Akachomoa bastola, akapiga. Risasi ya kwanza ilimrarua Onesphore bega, akapiga magoti kwenye tope. Ya pili ilinijia mimi, ikatoboa gunia, unga ukamwagika miguuni pangu. Ya tatu ilienda mbinguni. Alikuwa anapiga huku anakunywa maji, anatutukana na mama zetu. Sauti yake ikawa mapovu. Mkono wenye bastola ulibaki nje kwa muda, ukifumba na kufumbua, kisha ukalala.

Nilifurahi. Atakayenihukumu aje kwanza abebe ile bunduki, mtoto wake akiwa nyuma. Nilisimama pale na unga miguuni, nikafurahi mpaka meno yakagongana, halafu nikatapika kila kitu nilichokula asubuhi ile.

Begi lilimshikilia palepale. Bunduki haikuanguka. Kweli halikufunguka.

Onesphore alikuwa amejifunga bega kwa shati lake. Alinipazia sauti juu ya mngurumo wa maji, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana.

"Nitawaambia mto umemuchukua."

"Iko kweli," nilimjibu.

"Iko kweli. Kisha minye napanda kwetu Rurambo. Weye rudi kwa mutoto."

Ilinibidi nivuke tena. Gunia lilibaki na unga nusu, na njaa haimngoji mtu amalize kulia, kwa hiyo nikalifunga tundu kwa kitenge, nikalitupa mgongoni na kushuka ukingoni. Nilikuwa nayatazama yale mawe mawili na ule mkono. Mguu mmoja ulikwisha kuingia majini, na mkanda ulikuwa bado umenikaza kwenye paji la uso, wala sikujua.

"Mama," Onesphore aliita kutoka ng'ambo. "Legeza."

Nikalegeza, nikavuka.