Kikongwe Hubeba Mbolea

Maji yalikuwa yamefika katikati ya miguu, na wanawake walikuwa wameinama mstari mmoja wakivuta magugu kwenye mpunga, mkamwana wa Mama Sikio alipouliza kama ule ni mlio wa ndege au ni masikio yake tu. Mama Sikio aliliacha gugu. Alinyooka, akajishika kiuno, akafumba macho. Mstari mzima ukatulia, mikono ndani ya tope, maana hakuna aliyekuwa tayari kung'oa gugu jingine kabla yeye hajasema.

Sikio halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alilipata hapo shambani, na alilipata kwa woga. Wenzake walidhani ana kipaji. Yeye alijua kwamba ni woga tu uliokaa sana sehemu moja mpaka ukawa ujuzi.

Shamba lilikuwa na ndege tatu, na mfanyakazi haambiwi ipi itaruka lini wala imebeba nini. Zamani palikuwa na king'ora kwenye nguzo ya kiwanja cha ndege, kikilia dawa inapokuja. Kikaharibika, fundi akaahidiwa, watu wakazoea. Basi wanawake wakajifundisha wenyewe.

Ya kwanza waliiita Mwewe. Ilikuwa ya manjano, pua ndefu, bawa moja kila upande, yamekaa chini kabisa ya mwili. Sauti yake ni ya birika lililochemka likasahauliwa. Chini ya mabawa ilikuwa na mabomba membamba yenye matundu, na humo ndimo ilimotoka dawa ya wadudu. Ukiisikia Mwewe, unaacha ulichoshika, unapanda tuta na kukimbilia upande unakotoka upepo. Ya pili ilikuwa helikopta, wakaiita Panzi. Hiyo kazi yake ni kando ya mfereji, kwenye miti, na ilikuwa na kelele kiasi kwamba hata kiziwi angeikimbia.

Ya tatu ni Kikongwe. Kilikuwa na mabawa mawili juu na mawili chini, yamefungwa kwa waya kama kitanda cha kamba, na injini ya duara iliyojaa kifua kizima. Kikongwe kilikohoa kabla ya kunguruma. Chini ya tumbo kilikuwa na mdomo mpana wa bati, na mdomo huo ulitema mbolea, punje nyeupe zilizogonga kofia za watu na kuzama majini. Kikongwe hakikimbiwi. Mnyapara alikuwa amelisema hilo wazi: dawa mnaruhusiwa kuikimbia, lakini anayekimbia mbolea ni mtoro, na mtoro siku yake haihesabiwi. Ndiyo maana sikio la mama mmoja lilikuwa na thamani kuliko saa ya mnyapara.

Sasa mlio ulikuwa nyuma ya miti, bado mzito, bado haujajitenga na upepo. Kisha kikakohoa. Kikakohoa tena, kikavuta pumzi, kikaanza kunguruma.

"Kikongwe," Mama Sikio akasema, akafumbua macho.

Migongo ikainama. Mkamwana wake peke yake ndiye aliyekuwa ameshaweka mguu mmoja juu ya tuta, mkono kwenye tumbo. Mimba ilikuwa imekua, imefika pale ambapo mama hupumzishia mikono juu yake akiwa amesimama.

"Mama, ngoja mimi nipande tu," akasema. "Leo roho yangu haitaki."

"Mwogope mume wako akirudi akute hujajifunza kupalilia. Hicho ni kizee kina kikohozi. Shuka, mwanangu, usituletee mnyapara bure."

Wanawake wakacheka. Mkamwana naye akacheka, kwa aibu kidogo, akautoa mguu kwenye tuta na kuurudisha majini.

Kikongwe kilitokea juu ya miti kikiwa chini sana. Mama Sikio hakuinua kichwa mara moja, maana ni nani anayemtazama mtu aliyekwisha kumtambua kwa kikohozi? Alichosubiri ni punje kwenye kofia. Badala yake akahisi ubaridi shingoni, mwembamba, kama pumzi ya mtu aliyesimama nyuma yake. Ndipo akatazama juu. Chini ya yale mabawa ya kale palikuwa na mabomba membamba, yanang'aa, na kila tundu lilikuwa linamwaga ukungu.

Alipiga kelele wakimbie, lakini ukungu ulikuwa umeshafika, na kukimbia kwenye tope si kukimbia. Mkamwana alianguka mara mbili kabla ya kulifikia tuta. Mara ya pili alianguka kifudifudi, akanywa yale maji.

Kwenye zahanati ya shamba walimlaza kwenye kitanda cha karibu na mlango. Wengine walitapika nje, wakanawa, wakakaa ukutani wakiwa na macho mekundu. Yeye hakukaa. Mate yalimtoka bila kukoma, nyama za mapaja zilichezacheza zenyewe chini ya ngozi, na tabibu alipomfunua kope, mboni zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano. Mama Sikio alimshika mkono. Aliogopa kumtazama usoni. Aliogopa zaidi kulitazama tumbo, kwa hiyo akalitazama dirisha.

Tabibu alimvuta kando. Alikuwa mtu mpole mwenye koti lililokatika vifungo, na alizungumza huku akiutazama mlango. Alimwambia kwamba sumu ya namna hii ina dawa yake, ila hapo zahanati hana, iko hospitali ya mjini. Na hospitali watataka kujua kilichomwagwa ni kitu gani, maana wakikosea watatibu homa wakati damu inaungua kwa jambo jingine.

"Mwambie meneja atoe gari," akasema. "Na amwambie dereva jina la hiyo dawa. Jina tu, mama. Mimi nikiuliza nitaambiwa nimetoka nje ya kazi yangu."

Aliyempeleka kwa meneja ni mnyapara mwenyewe, ambaye alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Njiani alimwita shemeji kila baada ya hatua kadhaa, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Shemeji, ongea taratibu. Shemeji, usimpandishie sauti mzee. Shemeji, kumbuka hata mimi niko pale kwa kushikilia tu. Mama Sikio alimsikia kama mtu anayesikia mvua akiwa ndani. Kichwani alikuwa na sentensi moja, alikuwa anairudia asije akaisahau: gari, na jina la dawa.

Ofisi ilitazamana na kiwanja cha ndege. Meneja alikuwa amekaa na dirisha mgongoni, na kupitia bega lake Mama Sikio akaiona Mwewe. Ilikuwa imesimama kwenye kivuli cha banda, pua imefunguliwa, vyuma vya tumboni vimepangwa juu ya turubai, na fundi amelala chini yake miguu nje. Mabawa yake hayakuwa na mabomba. Palibaki alama tu pale yalipokuwa yamefungwa.

Akaelewa yote mara moja: mabomba ya Mwewe ndiyo yaliyofungwa kwenye Kikongwe. Akaomba kukaa. Hakukuwa na kiti cha pili.

"Pole kwa mgonjwa," meneja akasema. Hakuwa mkali. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Nimeambiwa wewe ndiye unayezijua ndege zangu. Wanakuitaje, Sikio?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi nisaidie. Leo asubuhi ilipita ndege gani?"

"Kikongwe."

"Una uhakika? Haikuwa ile ya manjano?"

"Haikuwa ya manjano. Ilikohoa."

"Na Kikongwe hubeba nini?"

Mama Sikio akaliona shimo likiwa tayari limechimbwa, na jembe aliona ni la kwake. "Siku zote hubeba mbolea," akasema. "Lakini leo kilimwaga maji, bosi. Kilikuwa na mabomba. Sote tulilowa."

"Mama, mnafanya kazi kwenye mpunga. Mpunga haulimwi jangwani. Mnalowa kila siku."

Mnyapara akacheka kidogo, kisha akakohoa kuficha kicheko.

"Naomba jina la dawa tu," Mama Sikio akasema. "Silaumu mtu. Tabibu anataka jina ili hospitali wajue."

"Dawa ipi? Wewe mwenyewe umesema Kikongwe, na Kikongwe hubeba mbolea. Nikimpa dereva jina la dawa, nitakuwa namsingizia rubani wangu. Na hata ingekuwa dawa," meneja akaendelea, akitabasamu kama mtu aliyeokota neno zuri njiani, "dawa ni dawa. Ingekuwa inaua watu tungeiita sumu."

Nyuma ya bega lake fundi alitoka chini ya Mwewe, akapangusa mikono, akarudi tena chini. Mama Sikio alikuwa anamtazama, na meneja alijua anatazama nini. Hakugeuka.

"Gari lipo," meneja akasema. "Naweza kulitoa sasa hivi, na kitanda cha hospitali nitakilipia mimi, kwa ubinadamu tu. Lakini wale wenzako pale zahanati wameanza maneno. Nenda ukawaambie kwa mdomo wako ulichoniambia mimi. Ndege ipi, na hubeba nini. Wewe wanakuamini."

"Shemeji," mnyapara akanong'ona, "ni maneno matatu tu."

Kama angekuwa peke yake duniani angekataa, au alipenda kufikiri hivyo. Lakini mtoto wake wa kiume alikuwa mbali, kwenye machimbo, na siku anaondoka alimwachia mke wake kwa mkono, kama unavyomwachia mtu taa: mama, nakukabidhi. Akilini alimwona tena yule binti akiutoa mguu kwenye tuta. Alisikia kicheko. Akageukia mlango.

Walirudi zahanati na gari likiwa nyuma yao, linatembea polepole. Wanawake walisimama. Macho yao yalikuwa bado yanatoka machozi, na mmoja, jirani yake wa mstari wa siku zote, alimuuliza kama wamepata jina.

"Ilikuwa Kikongwe," Mama Sikio akasema. "Kikongwe hubeba mbolea."

Jirani yake alimtazama kwa muda, kisha akaangalia mikono yake mwenyewe, ambayo ilikuwa inatetemeka, kama anayeiuliza mikono nayo ilisikia nini.

Walimbeba mkamwana mpaka ndani ya gari. Mama Sikio alitaka kupanda, mnyapara akamzuia kwa upole. Nafasi ni moja, akasema, na huko inatakiwa mtu wa kuzungumza na madaktari, mtu anayejua la kusema. Akapanda yeye. Mlango ulipofungwa, mkamwana alifumbua yale macho yasiyo na mboni na kutamka kitu. Pengine alisema mama. Injini ya gari ilikuwa inanguruma, na lile sikio lililosifiwa shamba zima halikushika neno.

Mnyapara alirudi siku iliyofuata. Alisema mgonjwa yupo hai na madaktari wanatibu homa kali. Mtoto je? Akakuna kidevu. Mtoto bado wanamsikiliza, akasema. Wanaweka kile kifaa tumboni, wanasikiliza, wanatoka, wanarudi kusikiliza tena. Ila kitanda kinalipiwa, hilo asiwe na wasiwasi. Bosi ni mtu wa kushika neno lake, almuradi na wengine washike la kwao.

Kisha akatoa mfukoni filimbi ya chuma yenye kamba nyekundu, akamvisha shingoni kama anavyovishwa mshindi.

"Bosi amelipenda hilo sikio lako. Kuanzia leo wewe ndiye king'ora. Ikija Mwewe, piga, watu watoke. Ikija Kikongwe, nyamaza, watu wafanye kazi. Na mtu akidhurika," akamaliza, akinyoosha kamba vizuri, "tutajua nani hakupiga."

Kwa hiyo alirudi kwenye mpunga akiwa na cheo. Wenzake walimwachia nafasi katika mstari, pana kuliko ilivyohitajika. Utani ulikuwa umekwisha. Siku zikapita, na katika siku hizo zote hakuisikia Mwewe hata mara moja. Kila akinyooka kupumzisha mgongo alitazama kiwanjani, na banda lilikuwa mbali mno kwa macho yake.

Asubuhi moja, jua likiwa limesimama juu ya miti upande ule ule kilikotokea Kikongwe, mlio ukaanza. Ulikuwa mzito, umechanganyika na upepo. Mstari mzima ukasimama bila kuambiwa. Mikono ikabaki majini, nyuso zikageuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile wenzake wakamtazama usoni.

Kikakohoa. Kikakohoa tena.

"Mama Sikio," jirani yake akaita kwa sauti ndogo. "Kimebeba nini?"

Mama Sikio aliinua mkono kukinga jua. Aliyaona mabawa, mawili juu na mawili chini, meusi dhidi ya mwanga, lakini kilichofungwa chini yake hakukiona. Juu ya tuta mnyapara alikuwa amesimama, mikono nyuma, anamtazama yeye wala hakitazami Kikongwe, na alikuwa anatikisa kichwa polepole: usipige, shemeji, usipige. Huko mjini watu walikuwa wameinamia tumbo la mkamwana, wanasikiliza.

Filimbi ilikuwa imeshafika kati ya meno. Ndege iliinamisha pua juu ya jaruba la mpunga, na ndani ya filimbi ile punje ndogo ilikuwa inacheza yenyewe kwa mtetemo wa meno yake, bila kutoa sauti.